Magnum ipi kwa shabaha za mita 900 na kuwinda elki? Nimekwama kwenye tano, naombeni mawazo

Mwana wa Mahenge

Wakuu, habari za humu. Wazee shikamooni.

Naweka uzi huu kwa sababu nimesoma mpaka nimechanganyikiwa, na wengi wanaoandika habari hizi wanaandika kama wauzaji. Nataka kusikia watu wanaobeba bunduki kweli.

Mimi ni mzaliwa wa Mahenge, kwa sasa naishi Colorado, mwaka wa tisa huu. Babu yangu mzaa mama aliwasomea nyayo wawindaji upande wa Kilombero na Selous, kwa hiyo harufu ya mafuta ya bunduki niliijua kabla sijajua kusoma. Huku nimepita mafunzo ya uwindaji yanayotakiwa, nina .308 ya bolti ambayo nimepiga nayo miaka minne, na nimeshachukua kulungu wa huku watatu, wote chini ya mita 200. Sasa nataka bunduki moja ya magnum, yaani ya risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida, ifanye kazi mbili:

Kwanza, kulenga bati la chuma kwenye yadi 1,000, yaani mita 914. Uwanja ninaoenda uko Raton, New Mexico, ule mkubwa wa Whittington, nikivuka tu mpaka wa Colorado. Uko juu, kama mita 2,000 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi.

Pili, elki. Kwa asiyemjua: ni jamii ya kulungu, ila dume lake huvuka kilo 300. Sheria ya Colorado haidai magnum. Inataka kaliba (upana wa risasi kwa inchi) isiyopungua .24, risasi inayotanuka yenye greni 85 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi na baruti) au zaidi kwa elki, na nguvu ya futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Hata .308 yangu inapita hapo kwa mbali. Lakini nataka kitu ambacho upepo haukichezei sana.

Zilizobaki mezani ni 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum, 7mm PRC, .300 PRC na .338 Lapua Magnum.

Kitu kimoja lazima nikiseme, maana kinanisumbua. Mwaka jana niliazima .300 Win Mag ya jamaa, nyepesi sana, ya kupandia milima. Nililala kifudifudi, jicho nikalisogeza karibu na darubini kuliko inavyotakiwa, nikavuta triga. Darubini ikanipasua nyusi, nyuzi nne. Kidonda kilipona ila tabia ikabaki: mpaka leo nikishika bunduki yenye msukumo mkubwa nafumba jicho sekunde moja kabla ya mlio. Nimejirekodi kwa simu, naona kabisa. Kwa hiyo anayenishauri aijue hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Ifakara

Marahaba kijana wa Mahenge. Umenigusa ulipotaja Kilombero.

Nimekuwa mwindaji bingwa miaka 27, nimestaafu. Magnum yangu ni moja tu, .375 Holland & Holland, na hiyo ndiyo wengi wetu tuliyokulia nayo kwenye vitalu vya uwindaji. Risasi ya greni 300 inatoka na kasi ya mita 770 kwa sekunde hivi. Kwa mbogo, simba na tembo kanuni zetu zinaanzia .375, na ukishamfuata mbogo aliyejeruhiwa ndani ya matete hutauliza tena kwa nini. Mbogo wangu wengi niliwapiga au kuwamalizia ndani ya hatua 80. Aliye mbali kuliko wote alikuwa hatua 150, na huyo nilimjutia kwa saa sita za kufuata damu.

Nimeeleza hivyo ili ujue natazama jambo lako nikiwa upande gani. Habari ya mita 900 siijui. Naijua risasi ya kwanza. Wageni wetu walikuwa wakifika kambini siku ya kwanza tunawapeleka kwenye karatasi, tunapima. Mgeni anapiga tano, anaonyesha kundi zuri, matundu yamekaribiana, anafurahi. Mimi nilikuwa naangalia tundu la kwanza tu. Mnyama hakungojei upashe mtutu moto.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kaliba, fanya hivi kwa .308 hiyo uliyonayo. Kila Jumamosi asubuhi, mtutu ukiwa baridi, piga risasi moja kwenye karatasi. Moja. Karatasi hiyo hiyo, wiki kumi. Ukimaliza nionyeshe kundi hilo, ndiyo tutajua wewe ni mpigaji wa namna gani.

Na hilo la kufumba jicho, usilione dogo. Karamojo Bell, mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo wengi sana Karamoja na kwingineko kwa 7x57, risasi ambayo leo watu wanaiita ya swala. Simwambii mtu aige, hata sheria haimruhusu, ila Bell alijua mifupa ya tembo iko wapi na hakuiogopa bunduki yake. Ukiogopa bunduki, kaliba kubwa itakuongezea woga tu.

Kipanga wa Jangwani

Nunua .338 Lapua umalize kazi. Wadunguaji wanaitumia, inafika mita 1,500. Huko mbele hutajuta.

Fundi Mitutu

Mkuu Kipanga, kwa heshima, hapana. Mimi niko Texas, nafanya kazi kwenye karakana ya bunduki, na .338 nazipokea nyingi zikiletwa kuuzwa zikiwa zimepigwa risasi chini ya 100. Ni risasi nzuri sana kwa kazi iliyotengenezewa, umbali ambao .300 imeshachoka. Lakini inakula greni 90 hivi za baruti kwa mlipuko mmoja, bunduki yake ikiwa na darubini na miguu inakaribia kilo 7 au inapita, na bei ya boksi moja la risasi itamfanya Mwana wa Mahenge apige mara mbili kwa mwezi. Mtu anayepiga mara mbili kwa mwezi hasomi upepo. Kuibeba mlimani kumfuata elki ni adhabu.

Hizo nyingine nne ndizo zenye mjadala, na hapo naomba mnivumilie niandike kirefu, maana ndipo watu wanapodanganywa.

Neno magnum lenyewe halina kipimo. Kwenye bunduki lina maana ya ganda lenye nafasi kubwa ya baruti kuliko kawaida ya kipenyo kile, basi. Ukoo mkubwa wa magnum tunazozijua unaanzia kwenye ile .375 ya Mzee, ya mwaka 1912. Waingereza walilitengeneza ganda refu lililochongoka taratibu, lenye bega (pale ganda linapobana kuelekea shingo) la mteremko mdogo, ili liingie na kutoka kwenye chemba, yaani tundu la mtutu linamokaa ganda, kwa wepesi hata kwenye joto la kwetu. Sasa ganda lenye bega la namna hiyo halina mahali pazuri pa kukaa likasimama, kwa hiyo wakaliwekea mkanda pale chini, juu kidogo ya kitako chake. Mkanda ule ndio unaolishikilia kwenye chemba.

Mwaka 1925 ikaja .300 H&H kutoka ganda hilo hilo. Mwaka 1935 Ben Comfort akaitumia kushinda Kombe la Wimbledon, la shabaha si la tenisi, kule Camp Perry, Ohio, kwenye yadi 1,000, na Wamarekani wakaanza kuitazama magnum kama kitu cha shabaha pia. Baadaye Winchester wakalifupisha ganda, ikatoka .458 mwaka 1956, .338 Win Mag mwaka 1958 na .300 Win Mag mwaka 1963. Remington wakatoa 7mm yao mwaka 1962. Zote zina mkanda, ingawa ukiacha .458 iliyonyooka, zina bega zuri la kusimamia. Mkanda ulibaki kwa mazoea na kwa sababu wanunuzi waliuona ndio alama ya nguvu.

Mkanda una shida gani? Kwa anayenunua risasi dukani, karibu hakuna. Kwa anayejijazia mwenyewe ipo: ganda likisimama kwa mkanda badala ya bega, linanyooshwa kila likipigwa, na linakuja kupasuka juu kidogo ya mkanda. Dawa ni kurekebisha dai yako, ile kalibu ya kurudishia ganda umbo, ili ganda lisimamie bega. Ukifanya hivyo yanadumu.

Lakini jambo kubwa zaidi liko kwenye msokoto wa mtutu, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Risasi ndefu na nyembamba hupasua hewa vizuri kuliko fupi, ila inataka izungushwe haraka ndipo itulie. 7mm Rem Mag za kiwandani kwa miaka mingi zilikuja na mzunguko mmoja kwa inchi 9 au 9.5, kwa sababu mwaka 1962 risasi za greni 180 zilizochongoka kama sindano hazikuwepo. 7mm PRC ilipotoka mwaka 2022 iliwekwa mzunguko mmoja kwa inchi 8 tangu siku ya kwanza, na koo la chemba likachongwa kuzipokea risasi ndefu bila kuzididimiza ndani ya baruti. Haina mkanda. Na urefu wake wa jumla ni inchi 3.34, sawa na .300 Win Mag, kwa hiyo inaingia kwenye bunduki ya kawaida. .300 PRC inafika inchi 3.7, inataka bunduki yenye mashine (sehemu ya bolti) ndefu zaidi.

Kwa hiyo tofauti kati ya 7mm ya 1962 na ya 2022 si nguvu. Ukimwekea Remington Magnum mtutu wa msokoto wa 8 na ukajijazia mwenyewe, zinakaribiana sana. Ila ukinunua bunduki na risasi dukani, PRC inakupa hicho kitu tayari.

Mwana wa Mahenge

Mzee, nimekusikia. Jumamosi hii naanza na .308, nitaleta karatasi hapa.

Fundi, asante sana, hilo la msokoto hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Swali: upepo unazitofautishaje kwa vipimo? Nataka nambari, nimechoka na maneno "inakata upepo".

Fundi Mitutu

Nambari hizi hapa, za usawa wa bahari. Raton kwako zitakuwa ndogo kidogo kwa sababu ya hewa nyepesi.

Kwanza elewa upepo unavyofanya kazi. Wengi wanadhani risasi inasukumwa kwa muda wote inaosafiri. Sivyo. Kinachohesabiwa ni ucheleweshaji: muda halisi wa safari, ukatoa muda ambao risasi ingetumia kama isingepunguza kasi hata kidogo. Zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa pembeni, unapata risasi imehama kiasi gani.

Chukua .308 yako, greni 175, inatoka kwa mita 792 kwa sekunde. Mita 914 bila hewa ingezimaliza kwa sekunde 1.15. Kwa kweli inachukua 1.7. Imechelewa sekunde 0.55. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ni mita 4.44 kwa sekunde. Zidisha: karibu mita 2.4 risasi imehama.

.300 Win Mag, greni 200 iliyochongoka vizuri, mita 869 kwa sekunde: takriban mita 1.6.

7mm PRC, greni 175, mita 914 kwa sekunde: takriban mita 1.3.

Unaona basi kwamba greni 175 ni zile zile, .308 na 7mm. Kilichobadilika ni umbo na kasi. Ndiyo maana mimi ningeenda 7mm kwa mtu mwenye historia ya nyusi. Risasi nyepesi kidogo kuliko ya .300, baruti pungufu, begani unaisikia tofauti.

Gharama nyingine ambayo hamjaiuliza ni mtutu wenyewe. .308 huenda risasi 5,000 na zaidi. Magnum hizi zote zinachoma koo la mtutu mapema. Nyingi zinazopita mikononi mwangu zimeshaanza kupoteza ubora wa shabaha kati ya 1,200 na 2,000. Usizipige kumi mfululizo mtutu ukiwa umewaka. Usiuze .308. Iwe ya mazoezi.

Dada wa Tampere

Jamani hodi. Mimi ni Mkongo wa Uvira, niko Finland, na huku nawinda na kundi la kijijini kwa mume wangu. Nitasema kinyume kidogo.

Huku tunawinda hirvi, kulungu mkubwa wa kaskazini mwenye pembe kama viganja vilivyofunguka. Dume linavuka kilo 400. Sheria haitaki magnum: risasi ya gramu 9 iwe na juli 2,700 kwenye mita 100, au ya gramu 10 na kuendelea iwe na juli 2,000. Nusu ya kundi letu wana .308, na wazee wawili wana 6.5x55 ambayo ni ya karne ya 19. Nyama inaingia friza kila mwaka.

Kabla ya kuruhusiwa kumwinda lazima upite mtihani wa shabaha: risasi nne kwenye picha ya hirvi, mita 75, zote ndani ya duara la sentimita 23, ndani ya sekunde 90. Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Nimeona wanaume wenye .300 mpya wakifeli mtihani huo mbele yangu, na sababu ni hiyo aliyoisema ndugu wa Mahenge. Wanafumba jicho. Wanavuta triga kama wanang'oa msumari.

Mimi pia nilikuwa nafumba. Kilichoniponya ni mambo mawili. Kwanza, risasi za bandia: rafiki anakuchanganyia kwenye magazini bila wewe kujua, unavuta, hakuna mlio, na bunduki inatikisika kwa sababu wewe ndiye uliyeitikisa. Aibu hiyo inafundisha. Pili, kizuia sauti. Huku ni kitu cha kawaida msituni, kila mtu anacho kwa ajili ya masikio, na kinapunguza msukumo wa begani vizuri. Breki ya mtutu, kile kifaa cha mdomoni chenye matundu ya kutolea gesi pembeni, nayo inapunguza, labda zaidi, lakini kelele yake inaumiza masikio yako na ya aliye pembeni. Kwenye uwanja nikilala karibu na mtu mwenye breki nahama.

Swali langu kwako, ndugu: huyo elki unakusudia kumpiga umbali gani hasa? Maana uzi mzima unaongelea mita 900, na mimi nikisoma naanza kuogopa kwa niaba ya mnyama.

Mwana wa Mahenge

Dada, karibu sana, na swali lako ni la haki. Mita 900 ni za bati. Kwa elki nilikuwa nimejiwekea 600 kichwani. Baada ya nambari za Fundi nimekaa jana usiku nikapiga hesabu mwenyewe, na matokeo nayaweka hapa kwa sababu yamenitisha.

Eneo la moyo na mapafu la elki lina upana wa sentimita 35 hivi. Ukilenga katikati una sentimita 17 kila upande. Tuseme nimekosea kusoma upepo kwa kilomita 5 kwa saa tu, kosa ambalo mimi nalifanya kila wikiendi. Kwa 7mm PRC kwenye mita 914 kosa hilo peke yake ni sentimita 40. Nimempiga tumboni. Au nimekosa kabisa na hiyo ndiyo afadhali. Kwenye mita 350 kosa lile lile ni sentimita 5. Bado niko ndani ya mapafu.

Halafu kuna muda. Kwa mita 600 risasi inasafiri karibu robo tatu ya sekunde. Elki anayekula nyasi anapiga hatua moja kwa muda huo. Hatua moja ya elki inatosha kuharibu kila kitu, hata kama upepo umetulia kabisa, na hakuna kaliba inayoirekebisha.

Kwa hiyo 600 nimeifuta.

Mzee wa Ifakara

Sasa unaongea kama mjukuu wa msoma nyayo.

Otieno_Nyanza

Samahani kwa kuingilia. Niko Kisumu. Mtu anaweza kufanya haya huku kwetu? Nikisoma natamani.

Mzee wa Ifakara

Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, kwa hiyo hapo ni vilabu vya shabaha na kibali cha silaha tu. Kwetu Tanzania uwindaji upo kwa leseni, na silaha unamiliki kwa kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015. Ukikaribia kwa njia halali, wamiliki wa vitalu wanahitaji vijana wenye macho. Wengi walianza kwa kubeba maji.

Kipanga wa Jangwani

Nimesoma uzi wote. Mimi niko Muscat, huku tunapiga jangwani kwenye uwanja, hakuna mnyama, ndiyo maana nilisema .338. Kwa elki nafuta kauli. Ila Fundi, kwa nini usimpe .300 Win Mag? Risasi zake ziko kila mahali.

Fundi Mitutu

Hoja nzuri, na ndiyo hoja pekee inayonifanya nisite. .300 Win Mag ina miaka 60 sokoni, jeshi la Marekani limeipa wadunguaji wake, na ukifika mji mdogo mlimani ukakuta umesahau boksi nyumbani, dukani utaikuta. 7mm PRC huenda usiikute. Shingo ya ganda la .300 ni fupi, inchi 0.264, fupi kuliko upana wa risasi yenyewe, na watu wamelalamikia hilo tangu 1963 huku wakiendelea kushinda nayo. Mtu asiye na tatizo la kufumba jicho, ningemwambia achukue .300 yenye uzito wa kutosha alale usingizi.

Kwa Mwana wa Mahenge, 7mm. Mtutu wa inchi 24, na bunduki nzima pamoja na darubini isishuke kilo 4.5. Bunduki nyepesi ndiyo iliyompasua. Darubini iwe na nafasi ya jicho (umbali kati ya jicho na darubini) ya sentimita 9 au zaidi, na aifunge akiwa amelala kifudifudi, kwa sababu hapo ndipo shingo inaponyooka mbele. Wengi wanaifunga wakiwa wamekaa mezani.

Mwana wa Mahenge

Wakuu, nimerudi. Ni wiki kumi na nne tangu mara ya mwisho.

Nilinunua 7mm PRC. Mtutu wa inchi 24, msokoto wa 8, jumla kilo 4.8 na darubini. Kizuia sauti nimekiombea, Colorado kinaruhusiwa ila fomu za serikali kuu zinachukua muda, kwa sasa natumia breki na nalala mbali na wenzangu, Dada. .308 ipo, na risasi za bandia nimepiga nayo kila Jumanne usiku sebuleni na kila Jumamosi uwanjani. Nimejirekodi tena. Jicho linabaki wazi mara nyingi. Nikichoka linarudia kufumba, kwa hiyo nikifika risasi ya 15 naacha.

Mzee, karatasi yako. Jumamosi nne za kwanza ni .308, sita zilizofuata ni 7mm, kila bunduki na karatasi yake, mita 100, mtutu baridi. .308 zote nne zinafunikwa na kifuniko cha chupa ya maji. 7mm tano ziko karibu hivyo hivyo, ila moja ipo juu kushoto, sentimita 6 kutoka kwenye wenzake. Siku hiyo jicho halikufumba, nimeangalia video mara nyingi. Sijui ni nini.

Mzee wa Ifakara

Jana yake ulisafisha bunduki?

Mwana wa Mahenge

Ndiyo Mzee. Nilisafisha na nikapaka mafuta.

Mzee wa Ifakara

Mafuta yalibaki ndani ya mtutu. Pitisha kitambaa kikavu, viwili, mpaka kitoke bila alama, ndipo utoke kwenda porini. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta haiendi unakoijua. Nilimfukuza kazi kijana kwa hilo, nikamrudisha baada ya wiki, leo ni mwindaji bingwa.

Vipi msimu?

Mwana wa Mahenge

Msimu umeisha, elki sikupata.

Uwanjani bati la yadi 1,000 nalipata sasa, upepo ukiwa wa kawaida, saba au nane kwa kumi. Kwa mnyama nilijipima nikiwa nimekaa na fimbo mbili za kuegemea, sahani ya sentimita 20, nikihesabu risasi ya kwanza peke yake. Mita 350 nilipata tisa kwa kumi. Mita 450 sita. Kwa hiyo nikaandika 350 kwa kalamu kwenye kitako cha bunduki.

Siku ya nne mlimani nilimwona dume. Kipima umbali kikasema 483. Kati yetu bonde. Alikuwa amesimama ubavu, hana wasiwasi, na hakukuwa na njia ya kusogea bila kuonekana. Nilikaa naye kwenye darubini dakika kumi na moja. Kidole kilikuwa nje ya triga muda wote. Akapanda akapotea kwenye miti, na sikumwona mwingine mpaka leseni ikaisha.

Fundi Mitutu

483 kwa bunduki ile inafika na nguvu ya kutosha kabisa. Bunduki isingekuangusha.

Mwana wa Mahenge

Najua Fundi. Bunduki ilikuwa tayari.

Mzee wa Ifakara

Upepo ulikuwa unatoka wapi?

Mwana wa Mahenge

Nilipokuwa mimi, majani yalikuwa yanalala kulia. Chini bondeni sikuona majani, kulikuwa na theluji. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, na kwenye darubini nilikuwa naona pumzi yake ikitoka puani. Ilikuwa inaelekea kushoto.